Tarehe ya dripu ya mwisho

Daktari hakuanza kwa kuuliza panauma wapi. Alifunua faili, akalifunga, akamtazama mama mdogo kwa juu ya miwani. "Mama, dripu yako ya mwisho ulipata lini?"

Tulikuwa watatu mle chumbani. Mimi nilimtazama mdogo wangu, naye akajifanya anasoma bango la kunyonyesha lililobandikwa ukutani. Kadi ya kliniki ilishalowa na kuchanika siku nyingi, na hakuna kati yetu aliyewahi kunakili kilichoandikwa humo. Mama mdogo, ambaye ameuza nafaka soko la Kilombero, Arusha, miaka ishirini na ushee, akajibu kwa kalenda anayoiamini: "Maharage mapya ya Babati yalikuwa yanaanza kuingia."

"Ya mwaka huu au ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana, baba."

Daktari akashusha pumzi na kuandika. Ilikuwa Novemba. Angesema ya mwaka huu, ingekuwa miezi minne. Ya mwaka jana ni kumi na sita. Kwa saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke) iliyorudi, majibu hayo mawili ni kama magonjwa mawili yanayotumia jina moja, na sisi wanafamilia tuliosoma mpaka vyuo tulikuwa tumekaa pale bila kulijua hata moja.

Ugonjwa wenyewe ni wa kuvizia. Tumbo linajaa, mtu anashiba baada ya vijiko vitatu, anakwenda haja ndogo kila saa, na kila jirani ana jina lake: gesi, vidonda vya tumbo, utu uzima. Makadirio ya 2022 yanaonyesha wanawake zaidi ya 320,000 duniani waligundulika nao mwaka huo, na zaidi ya 200,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi hufika hospitali ukiwa umeshatapakaa tumboni. Wanapasuliwa, wanapewa kemo, yaani dawa za saratani, kwa dripu: karboplatini na paklitakseli, mizunguko sita, na mara nyingi mambo yanakwenda vizuri kabisa: tumbo linashuka, kipimo cha damu cha CA-125, kinachofuatilia ugonjwa huu, kinashuka, watu wanatoa sadaka ya shukrani. Kisha kwa walioanza na ugonjwa uliosambaa, saba au nane kati ya kumi unawarudia.

Nina ugomvi na namna tunavyoizungumzia hatua hiyo ya pili. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema kemo ndiyo inayoua, angalia fulani alivyokwisha baada ya kuchomwa. Ya pili inasema pambana mama, kemo itamaliza kila kitu. Sijaona kambi yoyote ikitaja tarakimu. Ukweli ni kwamba kwa aliyerudiwa, kemo mara chache inakuja kumaliza ugonjwa. Inakuja kununua muda na kupunguza mateso ya tumbo. Na mnunuzi ana haki ya kujua anauziwa miezi mingapi, ya namna gani, kwa bei ipi. Mama mdogo mwenyewe hajawahi kununua gunia bila kulichoma bambo aone punje za katikati. Lakini kwa mwili wake tulitaka anunue kwa kuangalia gunia kwa nje.

Basi tulichome bambo.

Lile swali la tarehe linatokana na madini. Karboplatini na ndugu yake mkubwa sisplatini zina platini ndani yake, ndiyo, ile ile ya pete za bei mbaya. Nguvu yake iligunduliwa kwa bahati: mwaka 1965 Barnett Rosenberg, kule Michigan, alikuwa akipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria, akaona wameacha kugawanyika, na chanzo kilikuwa platini iliyokuwa ikimomonyoka kutoka kwenye vyuma vya umeme. Hadi leo hakuna dawa nyingine ya kemo inayoishinda kwenye saratani ya ovari. Kwa hiyo daktari anataka kujua kama ugonjwa bado unaiogopa platini, na kipimo rahisi kuliko vyote ni muda uliokaa kimya. Mwaka 1991 Maurie Markman na wenzake wa New York walionyesha hivi: waliokaa kati ya miezi 5 na 12 bila dawa kisha wakarudia platini, uvimbe ulipungua kwa 27 kati ya 100, waliokaa miezi 13 hadi 24, ni 33, waliozidi miaka miwili, 59. Kutokana na kazi za namna hiyo ukazaliwa mpaka wa miezi sita: ukirudi kabla ya hapo, ugonjwa unahesabiwa umeizoea platini, ukirudi baadaye, bado inaisikia. Mpaka huo haukuteremshwa mlima Sinai. Mwezi wa tano na wiki tatu hautofautiani na mwezi wa sita, na madaktari wazuri wanaupima pamoja na mambo mengine. Ila pa kuanzia ni pale, na pa kuanzia panahitaji tarehe.

Sasa bei.

Utafiti uliopewa jina ICON4, uliotoka 2003 na kuhusisha wanawake 802 waliorudiwa huku platini ikiwa bado inawasaidia, ulilinganisha matibabu ya platini ya kawaida na platini iliyoongezewa paklitakseli. Baada ya miaka miwili, kati ya kila 100 waliopata mchanganyiko huo, 57 walikuwa hai. Upande wa pili, 50. Kwa hiyo kuna wanawake saba wa ziada, nao si wachache, hasa kama mmoja wao ni wako. Lakini tafiti ileile ilihesabu na ganzi: waliopata ganzi ya kusumbua walikuwa 20 kati ya 100 upande wa mchanganyiko, na 1 tu upande wa pili.

Ganzi. Neno lenyewe dogo, linakaa katikati ya orodha kwenye karatasi, baada ya nywele kukatika na kabla ya kuharisha. Nitakuonyesha lilivyo. Mama mdogo anavaa aproni yenye mfuko wa mbele, na kwa miaka yote ile alikuwa anarudisha chenji bila kutazama: mkono unaingia mfukoni, vidole vinaichagua sarafu ya mia au ya mia mbili kwa kuipapasa ukingo, huku mdomo unazungumza na mteja mwingine. Baada ya mizunguko sita ya kwanza mkono ukawa unaingia na kutoka mtupu. Akaanza kumwaga sarafu zote mezani na kuzichambua kwa macho kama mtu anayechagua mchele. Wateja wa asubuhi hawangoji. Kifungo cha blauzi alifungiwa na mjukuu. Kikombe cha chai kilimponyoka mara mbili, mara ya pili kilikuwa na chai ya moto, na hakujua kimemuunguza mpaka aliponyanyua kanga akaona. Alipomwambia mhudumu, jibu lilikuwa "itaisha tu mama." Kwa wengine inaisha. Kwake ilipungua, haikuisha.

Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko nywele, na ndiyo tunayoizungumzia kidogo kuliko zote, kwa sababu nywele wageni wanaziona. Upara una kilemba. Vidole havina.

Na ndipo uchaguzi wa dawa unapokuwa jambo la mgonjwa, sio la hospitali peke yake. Utafiti mwingine, CALYPSO wa 2010, wenye wanawake 976 wa kundi hilohilo la miezi zaidi ya sita, uliweka karboplatini na paklitakseli upande mmoja, na karboplatini na doksorubisini iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta upande wa pili. Ugonjwa ulitulia miezi 11.3 kwa hao wa pili, 9.4 kwa wale wa kwanza. Ganzi ya kusumbua: karibu 5 kati ya 100 dhidi ya karibu 27. Nywele kukatika: 7 dhidi ya 84. Kwa malipo gani? Vidonda vya mdomo zaidi, kichefuchefu zaidi, na viganja na nyayo kuwa vyekundu na kubanduka, 12 kati ya 100 dhidi ya 2. Mwisho wa hesabu, urefu wa maisha haukutofautiana. Sasa fikiria mtu anayesimama siku nzima sokoni juu ya nyayo zake, na mwingine anayeshona cherehani kwa ncha za vidole. Dawa inayomfaa mmoja inaweza kumharibia mwingine riziki, na hakuna mashine ya maabara itakayosema yupi ni yupi. Inabidi aulizwe: "Mama, unafanya kazi gani?" Swali hilo ni bure. Najua dawa yenyewe si bure, na mara nyingi chaguo linaamuliwa na bima inalipa nini na stoo ina nini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, na kipimo changu mimi cha sheria hiyo kitakuwa mambo ya namna hii: je, mgonjwa wa Kilombero atapata dawa ya pili inayolinda vidole vyake, au kitita kitaishia kwenye ile ya kwanza.

Kuna jambo la homa, nalo nitalisema kwa sauti ya juu kidogo kwa sababu huku kwetu ni mtego. Siku ya saba mpaka ya kumi na nne hivi baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinakuwa chini. Mgonjwa akichemka usiku, sisi wote tunajua la kufanya: Panadol, na asubuhi duka la dawa, dozi ya mseto, malaria hiyo. Kwa aliye kwenye kemo, joto la nyuzi 38 ni dharura ya usiku huohuo. Bakteria wanaweza kummaliza kabla jogoo hajawika, na Panadol inachofanya ni kumficha mwizi. Kipimajoto hakigharimu hata kilo chache za maharage. Nyumbani kwetu mzunguko wa kwanza hakikuwepo. Tuliponea kwa neema tu.

Na jingine linalowashtua hata wauguzi wasiolizoea: mzio wa karboplatini hauji mwanzoni. Unakuja baada ya mwili kuizoea, karibu na dozi ya nane tangu mtu aanze, yaani mara nyingi mzunguko wa pili au wa tatu wa matibabu ya marudio, wakati kila mtu ameshasema "huyu mama mzoefu, mwekeeni dripu." Viganja vinawasha, uso unaiva, kifua kinabana. Mgonjwa anayesema "sista, mikono inaniwasha" asiambiwe avumilie.

Kwa wale ambao jibu lao lingekuwa "maharage ya mwaka huu," yaani chini ya miezi sita, hesabu ni nyembamba zaidi. Kwenye utafiti wa AURELIA wa 2014, waliopata kemo peke yake uvimbe ulipungua kwa 12 hivi kati ya 100, na nusu yao ugonjwa ulisonga mbele ndani ya miezi 3.4. Ilipoongezwa bevasizumabu, ambayo inanyima uvimbe mishipa mipya ya damu, 27 walipungukiwa na uvimbe na muda ukafika miezi 6.7. Lililonigusa mimi katika kazi ile ni kwamba waliuliza na juu ya tumbo: waliopata nafuu ya wazi ya kujaa na kuumwa tumbo walikuwa 9 kati ya 100 kwa kemo peke yake, 22 kwa mchanganyiko. Mtu akisoma hapo anaweza kuamua kujaribu mizunguko miwili kisha apime. Anaweza pia kuamua hapana, na hapana hiyo haimaanishi amekata tamaa. Maji ya tumboni yanaweza kutolewa bila kemo. Morfini ya maji ipo nchini. Hospitali ya Selian, pale Ngaramtoni, wamekuwa wakiwahudumia wagonjwa wa namna hiyo hadi majumbani kwa miaka mingi, na bado watu wa Arusha wanaoijua huduma hiyo ni wachache kuliko wanaojua bei ya kikombe cha Loliondo.

Na kwa kuwa nimekitaja. Mwaka 2011, magari yalipojipanga kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, huko Loliondo, kunywa dawa ya mti ya mchungaji Ambilikile Mwasapila, shilingi 500 kikombe, tuliokuwa Arusha tuliona. Sitawacheka waliokwenda, shangazi zangu wawili walikwenda. Hoja yao ilikuwa kwamba dawa ya mti ni ya asili, kemo ni sumu ya maabara. Wajue basi kwamba paklitakseli ni gome la mti. Lilichunwa 1962 kwenye msitu wa jimbo la Washington, Marekani, na kibali cha kuitumia kwa saratani ya ovari kikatolewa 1992. Miaka thelathini ilipita hapo katikati wakipima: kiasi gani, kwa nani, kinaharibu nini. Asili ya dawa zote mbili ni msitu. Lakini moja inakuja na hesabu ya vidole vilivyokufa ganzi, kati ya mia ni ishirini, na nyingine haikuja na hesabu yoyote. Mimi namwamini anayeniambia hasara.

Turudi Novemba. Mama mdogo hakuwa anaumwa. Alikuwa amekwenda kupima tu, CA-125 ikaonekana imepanda, na altrasaundi ikaonyesha vivimbe vidogo karibu na ini. Ukoo ukachachamaa. Kaka zangu wa Dar wakachanga kwa simu, agizo likawa aanze kesho. Na lile jingine: asiambiwe. "Mwambieni ni dozi ya kuimarisha." Nami nilikubali, naandika hili kwa aibu. Tulitaka atoe mshipa wake bila kujua anautoa kwa nini.

Daktari ndiye aliyetukatalia yote mawili. Alimgeukia yeye, akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba umerudi, mdogo, na kwamba hana haraka. Baadaye nilikwenda kutafuta kwa nini asiwe na haraka, maana nilishaanza kumshuku uvivu. Nikakuta utafiti wa Gordon Rustin na wenzake, 2010. Wanawake 529 ambao CA-125 ilipanda wakati hawana dalili: nusu wakaanzishiwa kemo hapohapo, nusu wakangoja mpaka dalili zije. Wa kwanza walianza mapema kwa karibu miezi mitano. Walioanza mapema waliishi miezi 25.7, waliongoja, 27.1. Kitakwimu hakuna tofauti. Tofauti iliyoonekana ni kwamba walioanza mapema walipoteza siku zao nzuri mapema. Kuna wanaopinga, na wana hoja: siku hizi zipo dawa za vidonge kwa wenye hitilafu ya jeni za BRCA, na kwa wachache waliochaguliwa vizuri upasuaji wa pili umeongeza maisha, kwa hiyo kuujua ugonjwa mapema kunaweza kufungua mlango ambao 2010 haukuwepo. Sawa. Mlango huo ukiwepo, upite. Ila kuukimbilia mshipa kwa sababu namba imepanda na ndugu wamechanga, hapo nimebadilika kabisa.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo sisi wote tusingeliuliza.

"Nina mjukuu anapata kipaimara Marangu, tarehe ishirini na nane Desemba. Naweza kwenda na nywele zangu?"

"Unaweza, mama. Tumbo likianza kujaa, njoo hata kama ni siku ya Krismasi."

Akaenda. Alipanda Kosta ya asubuhi pale stendi na mfuko wa mchele kilo kumi mapajani, Tengeru, Usa River, Boma, akabadilisha gari Moshi mjini, na jioni alinipigia simu akilalamika kwamba wamepika machalari kwa nyama ngumu. Alikula sahani mbili.

Februari tumbo likaanza kubana, naye akaanza dripu. Kwa sababu ya vile vidole, daktari aliiacha paklitakseli, akaiweka dawa nyingine ya kemo, gemsitabini, pamoja na karboplatini. Hii inashusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na mara moja ilibidi aahirishiwe wiki nzima kwa sababu hiyo. Alirudi nyumbani na michubuko mkononi akiwa amekasirika kwa nauli iliyopotea. Ya pili na ya tatu tulikaa tukimtazama viganja. Havikuwasha. Kipimajoto sasa kinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda.

Kadi mpya alipewa, lakini haiamini. Wiki iliyopita nilimkuta kwenye meza yake Kilombero na lile daftari la madeni, kalamu ameishika kwa ngumi kama mtoto wa chekechea kwa sababu vidole havibani vizuri. Juu kulikuwa na deni la mama lishe, gunia nusu la maharage, amelipa nusu. Chini yake deni la mwenye duka wa Mbauda. Na katikati, kwa herufi kubwa zilizopinda: DRIPU YA 4, na tarehe, siku, na mwaka, mwaka ameupigia mistari miwili.